Mguu wa Kushoto wa Mpwa Wangu

Mjini hapa dansi nimeifundisha mimi, na anayebisha aje na viatu vyake. Shule niliishia darasa la tano, lakini miguu yangu ina digrii.

Mpwa wangu, mtoto wa kike wa dada yangu, ni fundi cherehani. Miaka kumi na tisa amekanyaga pedali ya cherehani ileile, kwenye karakana ya kushona mapazia. Kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Mdomo ulirudi upesi, tena na makali yake yote. Mguu ukagoma. Na pedali haitaki mguu wa kubahatisha: ukichelewa kidogo tu, gurudumu linarudi nyuma, uzi unakatika. Msimamizi wa karakana akampa miezi mitatu. Asipoweza kushona pazia zima, kiti chake anapewa mwingine.

Hospitali, daktari wa mazoezi, binti mpole, alimpa karatasi: nyanyua kisigino, nyanyua vidole, mara hamsini kwa siku. Siku ya tatu karatasi ikaishia uvunguni.

"Mjomba, nimechoka kuhesabu kama karani wa magunia."

"Hiyo ni dansi, wamesahau muziki tu," nikamwambia. "Inuka!"

Tukasogeza makochi, tukawasha redio. Nikasimama mbele yake, uso kwa uso, nikamwamuru afuate miguu yangu bila kufikiri. Jirani akagonga ukuta, tukaongeza sauti. Baada ya wiki tatu za jasho tukaenda kuringa hospitali. Binti akatutazama, akauma midomo.

"Mguu wa kulia umepona vizuri sana. Uliugua lini?"

Kumbe nikipiga wa kushoto, yeye aliyenielekea alijibu kwa wa kulia, kama kwenye kioo. Mgonjwa mwenyewe alikuwa anaburutwa tu.

"Mwalimu wa mji mzima huyo!" Mpwa wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Muziki msiuache," binti akasema. "Mzee, wewe geuka tu."

Nikampa mgongo. Sasa kushoto kwangu kukawa kushoto kwake. Alianguka, akanitukana matusi ambayo dada yangu hakumfundisha, akainuka tena. Mwezi wa pili kisigino kikaanza kuitika ngoma. Wa tatu, nikawa mimi ninayeomba maji.

Siku ya kujaribiwa, msimamizi alisimama kando ya cherehani mikono nyuma. Mpwa wangu akaomba redio.

"Hapa ni kazini, mama. Hatuchezi."

Akaanza bila redio. Katikati ya pazia mguu ukakaza, gurudumu likarudi, uzi ta! Msimamizi akanyoosha mkono kwenye kitambaa.

"Nilisema mimi."

"Toa mkono."

Mpwa wangu akasimama. Pale pale, kati ya meza, mbele ya mafundi wote, akacheza: kisigino, vidole, kisigino, vidole, mdomoni anajipigia ngoma mwenyewe. Mafundi wakamshikia mdundo kwa mikasi juu ya meza. Msimamizi akafoka wanyamaze. Nani amsikie?

Akaketi, akatunga uzi, akakanyaga. Kichwa kinayumba, mabega yanacheza, pedali inaitika. Pazia likaisha, pindo limenyooka. Akamtupia msimamizi begani.

"Kagua. Na ukimaliza, niletee lingine, mguu usije ukapoa."

Akaleta.

Nami nilikuwa mlangoni, nimempa mgongo, nikimwongoza. Wanaodai nilikuwa nafuta machozi, waongo.