Phulmati Hauzi Jani Bila Karatasi ya Damu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande bado haujakauka, na Phulmati yuko juu ya ngazi kati ya mipapai yake, nje kidogo ya Labasa, mji wa sukari wa kisiwani. Anayaacha majani machanga ya kileleni, anayapita yaliyoanza kuwa manjano, anakata ya katikati. Kila mti anauachia majani ya kutosha kufunika matunda, la sivyo jua litayababua.

"Kata na lile pale!" anaelekeza mumewe, Hardayal, aliyeshika ngazi.

"Mzee, ukitaka kukata, panda wewe. Kazi yako ni kushika ngazi."

Saa mbili wako sokoni. Majani matatu, dola mbili. Tangu mvua zilete mbu, na mbu walete homa ya dengi, meza ya mama huyu wa miaka hamsini na nane haikai bila mteja. Watu hapa wanaamini kwamba maji ya jani la mpapai hupandisha chembe za kugandisha damu, zile zinazoshuka mtu akishikwa na dengi. Wanasaga, wanachuja, mgonjwa anameza vijiko viwili huku amekunja uso. Ni machungu, acha tu!

Lakini kwake huondoki na jani mpaka umwonyeshe karatasi ya hospitali yenye hesabu ya chembe hizo. Huna karatasi, huna jani, hata uwe jamaa yake.

Ukali huo una chanzo. Miaka kumi na moja iliyopita Hardayal aliugua, na mkewe akamsagia majani kwenye jiwe lile lile analosagia pilipili na bizari.

"Niliona nyota mchana kweupe," anasimulia Hardayal. "Koo linawaka, macho yanatoka machozi. Nikajua hiyo ndiyo dawa yenyewe, inafanya kazi."

Siku ya nne pua yake ikatoka damu. Wote wawili wakasema ni pilipili, wakalala. Walipofika hospitali kesho yake chembe zilikuwa elfu tisa, na mtu mzima anatakiwa kuwa na zaidi ya laki moja na nusu. Alipona, lakini Phulmati hajajisamehe.

"Mume wangu anavuja damu, mimi nalaumu jiwe la jikoni," anasema. "Aibu ile ninayo mpaka leo."

Kwa hiyo mwezi wa tano mwaka huu, wiki tatu kabla ya kiwanda cha sukari kuanza kusaga miwa, jirani yake Makereta alipokuja mbio mbio sokoni, aliulizwa kama wengine.

"Shangazi, nipe ya dola nne, upesi. Ni ya mume wangu, Apenisa."

"Karatasi iko wapi?"

"Hajaenda kupima. Anasema akilazwa tu, lori la miwa atapewa mwingine. Na homa yenyewe imeshuka tangu jana, amebaki na kutapika na tumbo kidogo."

Phulmati aliyavuta majani upande wake wa meza. Hardayal naye homa ilikuwa imeshuka kabla hajaanza kutoka damu.

"Siuzi, mwanangu. Mpeleke hospitali sasa hivi."

"Ala! Umekuwa daktari lini wewe? Jani la mti tu, unaringa nalo!" Makereta alipaza sauti, soko zima likageuka. "Kaa nalo. Nitanunua kwa mwingine."

Na angenunua kweli. Phulmati akaiacha meza kwa Hardayal, akabeba fungu zima la majani, akamvuta Makereta kwenye teksi. Walimkuta Apenisa kwenye mkeka, jitu la miraba minne, midomo imempauka.

"Dawa hiyo, Shangazi? Nipe."

"Ninayo. Utaipata mlangoni mwa hospitali. Hapa sikupi hata kikonyo."

Alinung'unika, akatukana kidogo, akaomba radhi, akapanda teksi. Kipimo kilisema elfu ishirini na mbili. Jioni ile ile presha yake ikaanguka, lakini dripu ilikuwa tayari mkononi na wauguzi wamemzunguka. Daktari alimwambia Makereta kwamba angebaki nyumbani, mumewe asingeuona usiku wa manane. Makereta alilia pale pale koridoni, amemshika Phulmati shingoni.

Apenisa alitoka baada ya siku sita, na lori lake bado analo. Majani? Yalinyaukia kwenye mfuko. Hakuna aliyekumbuka kuyasaga.

Sokoni wamepata la kumtania. "Shangazi, dawa yako kali! Inaponya hata bila kunywewa!"

Anacheka mpaka anafuta machozi. Je, bado anaamini jani linapandisha damu?

"Naamini. Madaktari wanasema hawana uhakika, sawa, wao ndio waliosoma. Mimi najua kitu kimoja. Mtu wa hapa ukimtajia hospitali anakuletea habari za kazi. Mtajie jani, anakuja mbio."

Ndiyo maana amepeleka ombi la kuhamisha meza. Sokoni ana wateja wa miaka kumi na kenda, lakini anataka nafasi nje ya lango la hospitali, hatua chache tu kutoka wanapopima damu.

"Wanaotaka jani," anasema Phulmati, "walifuate huko huko."