Khole Aliyewaacha Wazee

Khole binti Aflah hakuwahi kuomba apewe wazee. Wazee ndio waliomchagua yeye. Asubuhi akiingia wodi ya wanawake, kabla hajautengeneza mtandio wake vizuri, keshaitwa na vitanda viwili kwa mpigo: "Khole! Njoo mwanangu, huyu daktari hanfahamu!" Daktari mwenyewe alikuwa bwana mmoja wa Kimisri, mwema, mwenye haraka zake, na Kiarabu chake kilipita juu ya vichwa vya bibi zetu bila kutua.

Bibi hao walizaliwa Unguja, Pemba, wengine Tabora, na Maskati walikuja wakiwa watu wazima na watoto wao. Kiarabu cha dukani na cha kujibu salamu walikijua. Lakini maumivu yao yalikuwa yanasema Kiswahili. Khole alikaa ukingoni mwa kitanda akasikiliza yote, kuanzia mbavu zinazochoma mpaka mkwe asiyepokea simu, kisha akamgeukia daktari na kumpa maneno matatu aliyoyahitaji. Dawa ilibadilishwa, bibi alilala, na kesho yake bibi mwingine alimwita.

Mwenzake wa zamu alikuwa Wilkister, nesi kutoka Kisumu, mwanamke wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alikuwa akimtania: "Wewe Khole, hawa nyanya wanakutafuta mpaka kwa korido. Siku ukienda likizo mimi nitafanya nini? Kiarabu changu mimi ni shwai shwai na khalas tu."

Mwaka wa tisini na saba ikaja nafasi ambayo kila nesi wa Kiomani pale hospitalini Ghubra aliiota. Wachache wangepelekwa Marekani kusomea shahada ya pili, warudi wakiwa wauguzi wa daraja jingine kabisa: wa kumpima mgonjwa wenyewe, kumwandikia dawa wenyewe, na kuulizwa na madaktari badala ya kuamrishwa. Jina la Khole lilikuwamo. Kilichobaki ni yeye kusema anasomea nini. Metroni alimpa njia tatu: familia kwa jumla, watoto wachanga, au wazee.

"Nenda ufikiri," metroni alimwambia, "lakini wewe sidhani kama una la kufikiri."

Khole naye alidhani hivyohivyo. Ile ya familia aliiacha mapema, aliiona ni ya kujua kidogo kila kitu. Jioni ile alirudi kwao Azaiba na neno lake tayari mdomoni: wazee. Ndiyo kazi uliyoijua mkono wake, ndio iliyomfanya aamke asubuhi bila kununa. Angelinyamaza akapeleka jibu lake kesho yake, hadithi hii isingekuwapo. Lakini Khole hakuwa mtu wa kununua hata viatu bila kumwonyesha mama yake.

Alimkuta mama yake, Bi Shariffa, jikoni, amekaa juu ya mbuzi yake, anakuna nazi. Maziwa ya nazi ya kopo yalijaa madukani, na friji lilikuwa na makopo sita yaliyonunuliwa na Hamoud, kakake Khole, ili mama apumzike. Bi Shariffa alikuwa akiwapa majirani. Mbuzi ile alikuja nayo kutoka Unguja ndani ya sanduku la nguo, na aliyeigusa bila ruhusa alijua cha kumpata.

"Kusomea wazee?" Mkono ulisita juu ya nazi. "Uzee unasomewa, Khole? Uzee si tunao humu ndani?"

"Mama, wazee wana maradhi yao, wana dawa zao..."

"Wazee wana watoto wao. Watu watasema nini? Mtoto wa Shariffa kenda mpaka Marekani kusomea vikongwe, kwani mama yake kamshinda? Wazungu ndo wenye kusoma hayo, kwa sababu wao wazee wao wanawatia majumbani mwa serikali. Sie twawaweka vitandani mwetu, twawalisha kwa mikono yetu, khalas."

Hamoud, aliyekuwa mlangoni anatafuna tende, alicheka. "Usije ukarudi na nyumba ya wazee kwenye begi, wallahi nakufungia mlango."

"Somea watoto wachanga," Bi Shariffa alisema, akairudia nazi yake. "Kila nyumba Maskati itakujua. Mtoto wa fulani kapita mikononi mwa Khole. Hiyo ndo kazi ya kusemwa mbele za watu."

Miaka mingi baadaye Khole aliwaambia wenzake kwamba mama alimgeuza nia, na uongo haukuwa. Lakini ukweli wote haukuwa huo. Wodi ya watoto njiti ilikuwa mpya, imejaa vile visanduku vya kioo vya kuwatia joto, na wageni wa wizara walipokuja ndiko walikopelekwa. Mtoto akipona, baba mtu huja na sahani ya halua ya wodi nzima, na wauguzi wakapigwa picha. Bibi wa miaka themanini akiongezewa miaka miwili ya kuota jua barazani mwake, hakuna anayeleta halua. Khole alilijua hilo, na alitaka halua. Basi mama alipomfungulia mlango, yeye alipita mbio.

Wilkister alipoambiwa, hakucheka. "Sawa, ni maisha yako," alisema. "Lakini hao nyanya umewaachia nani?"

Khole akajibu kwamba nafasi ya wazee ataichukua mwingine mwaka unaofuata. Na kweli, ilichukuliwa baadaye na msichana mdogo aitwaye Jumana, ambaye wakati ule alikuwa bado anakosea kutandika kitanda.

Marekani alikaa miaka miwili. Alilia majira ya baridi, alijifunza kupika wali kwenye mashine ya umeme, akafaulu vizuri. Aliporudi alikuwa hodari, tumpe haki yake. Watoto waliokuja duniani wadogo kama kiganja walitoka wodini kwake wamefungwa shali, wanalia kwa sauti ya kuudhi, na mama zao wakimbusu Khole mabega. Halua ilikuja. Bi Shariffa kila harusi aliyokwenda alirudi na hadithi ya mtoto aliyeokolewa na binti yake.

Kazi ile nayo ina mkono wake. Mtoto njiti hupona kwa kutulizwa. Humgusi ila ikibidi, humfunui ila kwa haraka, taa unaipunguza, sauti unaishusha, na ukimwona ametulia unamshukuru Mungu na kuondoka kwa vidole vya miguu. Khole aliifanya kazi hiyo miaka kadhaa mpaka ikamwingia mwilini. Hata nyumbani alifunga milango bila kishindo.

Mwaka wa 2003, Ijumaa moja kabla ya Ramadhani, Bi Shariffa aliinuka kutoka kwenye mbuzi yake huku mguu mmoja umekufa ganzi, akaanguka ubavu hapo hapo jikoni. Khole alimsikia kutoka chumbani. Alimkuta sakafuni, nazi imemwagika, na mama anajaribu kucheka.

Eksirei ilitazamwa na madaktari wawili: hapana kilichovunjika. Apumzike siku mbili tatu, walisema, kisha aanze kuinuka. Khole alisikia "apumzike" na mengine yakampita. Alikuwa ameingiwa na hofu isiyokuwa na shule ndani yake. Alimrudisha mama Azaiba, akamlaza, akamfunika mpaka kifuani, akavuta pazia.

"Mama, nisikilize. Usishuke kitandani mpaka nikwambie."

"Haya, mwanangu. Weye ndo nesi."

Siku mbili tatu zikawa wiki, Ramadhani ikaingia. Hamoud alinunua kitanda kikubwa na televisheni ya kuwekwa miguuni pake. Mtumishi aliletwa, kazi yake kumlisha, kumwogesha, kumpa maji mkononi. Ile mbuzi Khole aliichukua mwenyewe akaitia stoo nyuma ya mafeni mabovu, isije ikamtamanisha mama.

Mwanzoni Bi Shariffa alikuwa akiuliza. "Khole, leo nshuke?" Bado, mama. "Nende jikoni nkae tu, sishiki kitu?" Bado, mama, utaanguka tena. Baada ya Idi akaacha kuuliza. Khole akasema moyoni, alhamdulillahi, ametulia. Akatoka chumbani kwa vidole vya miguu.

Wageni waliokuja kumtazama walimkuta amelala safi, ananukia udi, foronya nyeupe kama pamba. Walimsifu Khole mpaka akaona haya. "Mashaallah, mama yenu mmemweka kama yai. Hata glasi hanyanyui!" Ndivyo walivyosema watu wote, na walimaanisha mema. Katika nyumba zetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, na Khole aliila kama alivyokuwa akiila halua ya wodini. Miguu chini ya shuka hakuna aliyeifunua kuitazama. Ilikuwa inayeyuka taratibu, na mwenye binti bingwa wa kuwapima watoto gramu kwa gramu hakupimwa hata siku moja.

Majira ya joto ya mwaka uliofuata Jumana, yule aliyeichukua nafasi ya wazee, alirudi kutoka masomoni. Hospitali ikamtaka azungumze na wauguzi wote ukumbini. Khole alikaa safu ya mbele, kama wakubwa wanavyokaa, akijiandaa kupiga makofi.

Jumana aliwasha projekta, na ukutani pakatokea picha ya kitanda. Kitanda tu, kizuri, kimetandikwa. "Hiki," alisema kwa Kiarabu, "ndicho kitu cha hatari kuliko vyote katika nyumba zetu." Ukumbi ulicheka. Akaeleza kwamba mzee si kama mtoto, nguvu anayoipoteza kwa kulala hairudi kwa kulala. Kila wiki ya kitandani inamla misuli, inamla uthabiti wa miguu, inamla hata hamu ya kuzungumza. Na sisi tunamlaza kwa heshima, tunamnyang'anya sufuria, fagio na ngazi zake, kisha tunashangaa kwamba amezeeka ghafla. Somo hilo, alisema, ndilo la mwanzo kabisa tulilofundishwa, wiki ya kwanza.

Wiki ya kwanza. Khole aliishusha mikono yake mapajani. Alikumbuka kwamba zamani, wodini kwa bibi zake, yeye mwenyewe alikuwa akiwashika mikono na kuwatembeza mpaka dirishani, hawataki, wanamtukana, anawatembeza. Mkono wake ulikuwa ukilijua hilo kabla hajakwenda kuufundisha jambo jingine.

Alimngoja Jumana nje ya ukumbi.

"Nna suala," alisema. "Mtu ameanguka, hakuvunjika. Akalazwa. Kalala tangu kabla ya Ramadhani."

Jumana alihesabu miezi kwa vidole. "Mpaka sasa, Da Khole? Na sasa tunaingia Rajabu?"

"Mpaka sasa. Anaweza kutembea?"

"Angeweza." Jumana alimvuta pembeni ya mlango. "Angeanza siku zile zile, Da Khole, angeweza. Sasa tutajaribu, lakini usimpe ahadi." Halafu akamshika mkono. "Bi Shariffa hajambo?"

Khole aliutoa mkono wake akashika njia ya nyumbani.

Alifika Azaiba watu wamelala mchana. Alivuta pazia, mwanga wote ukaingia, na mama akafinya macho.

"Sabalkheri mama," alisema, na asubuhi ilikwishapita kitambo.

"Kuna nini?"

"Leo nnataka ushuke."

 Bi Shariffa, pole pole, bila kuuliza, akaanza kujivuta ukingoni. Khole alifunua shuka, na kwa mara ya kwanza akaitazama ile miguu kama nesi anavyotazama. Aliishusha mmoja mmoja mpaka nyayo zikagusa vigae. Mama alishtuka kwa ubaridi, akatabasamu kidogo. Khole akamkumbatia kiunoni, akahesabu, wakanyanyuka pamoja. Magoti yalitetema, yakakataa. Wakakaa. Wakanyanyuka tena, yakakataa tena. Mara ya tatu Bi Shariffa alisema, "Basi, mwanangu, utaumia mgongo," naye alikuwa akimwonea huruma binti.

Khole alipiga magoti kwenye vigae akazishika zile nyayo, akalia kwa sauti, yeye aliyekuwa hafungi mlango kwa kishindo.

"Nisamehe mama. Ningesomea wazee. Nilikuwa nataka kusomea wazee."

"Mie ndo nlokukataza."

"Ulinikataza, nami nilifurahi kukatazwa." Alijifuta uso kwa mtandio. "Lakini wewe, mama, mbona ulinyamaza? Mbona hukushuka hata kwa kuiba, mimi niko kazini? Wewe uliyekuwa hukatazwi na mtu!"

Bi Shariffa aliweka mkono wake mwepesi juu ya kichwa cha binti yake. Alionekana kushangaa kwamba jambo hilo linahitaji kuelezwa.

"Si ulisema nsishuke mpaka unambie?" alisema. "Mie nlikuwa nnangoja unambie."