Neno Lililotoka Mkebeni kwa Sahani Kumi za Wali

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Idarusi bin Hija anapuliza vumbi juu ya mkebe wa biskuti, kisha anafunua kifuniko taratibu, kama mtu anayechungulia chungu asichokuwa na hakika kama kimeiva.

Ndani hamna biskuti. Mna maneno.

Ni kumi na saba kwa hesabu ya jana. Kila moja limepangwa kwa herufi za madini ya risasi na kufungwa uzi, nayo yamelala ubavu kwa ubavu kama dagaa. Idarusi anachagua moja, analigeuza mwangani na kukata uzi wake kwa meno. Neno lenyewe ni ambulansi.

“Haya, toka,” analiambia. “Umenilia sahani kumi za wali.”

Idarusi ni mpanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa cha Bwana Manase, hapa Chumbageni, Tanga. Ameifanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili, tangu mwaka 1934. Huziokota herufi moja moja kutoka kwenye kasha na kuzipanga kinyume, ili karatasi izisome sawa. Jicho lake la kushoto limekwisha kuchoka, lakini lile la kulia linafanya kazi ya mawili. Watu wa mtaa wanasema anaweza kusoma barua iliyo mfukoni mwa mtu, almuradi iwe imekunjwa juu chini.

“Mfukoni siwezi,” anakanusha. “Mezani, ndiyo.”

Kila Ijumaa kiwanda hutoa gazeti, na kila wiki huja habari yenye neno ambalo masikio ya Idarusi hayajalizoea. Hapo ndipo mkebe unapofanya kazi. Neno jipya hulipanga vizuri, akalifunga uzi, akalitia ndani. Mahali pake gazetini huweka neno la zamani, au maneno manne ya zamani yakibidi.

“Sina ugomvi na wageni,” anasema. “Lakini mgeni anabisha hodi, anakaa ukumbini, tunamtazama. Haingii moja kwa moja mpaka jikoni.”

Sharti la kutoka mkebeni ni moja, nalo halijabadilika tangu siku ya kwanza. Idarusi lazima alisikie neno hilo kutoka kwa mtu mwenye shida, asiye na nafasi ya kujidai. Neno la karani anayejionyesha mbele ya wachumba halihesabiwi. “Redio” lilitoka mwaka 1951, mama mmoja alipokuja analia kwamba yake imeanguka kisimani. Imeangukaje kisimani, Idarusi hakuuliza. Alikwenda kukata uzi.

Bwana Manase, mwenye kiwanda, Mbondei mpole mwenye miwani, alivumilia mambo hayo miaka mingi. Mara nyingine alimtania.

“Mzee Idarusi, na hilo kasha unalochotea herufi, hiyo meza unayoegemea, majina yake yalizaliwa Tanga?”

“Meza ilikuja na Wareno, lakini imelala kwetu miaka mia nne, bwana. Imekwisha kuwa mtoto wa nyumbani. Hilo neno lako la jana hata mkeka halijatandikiwa.”

Mwezi uliopita mzaha ulikwisha. Mji ulipata gari jipya la kuchukulia wagonjwa, jeupe, lenye kengele juu, na hospitali ikakiletea kiwanda tangazo la kuwaeleza watu namna ya kuliita. Idarusi akapanga “motokaa ya wagonjwa”. Tangazo likarudishwa: jina liwe lile lililoandikwa ubavuni mwa gari, ambulansi. Akapanga tena motokaa. Wiki iliyopita likarudishwa tena.

Jioni hiyo, kwenye baraza ya Uweso muuza kahawa, mtaani kwake Mabawa, waliokuwapo wakamchokoza. Uweso mwenyewe akamwambia, “Yakhe, utalipanga tu, tena kwa herufi kubwa.” Idarusi akainuka na kikombe mkononi, akanyanyua vidole vyake vyeusi kwa wino.

“Wallahi, vidole hivi havitalipanga neno hilo katika gazeti!”

Baraza zima likaacha kunywa. Mtu wa Tanga hujibishana kuanzia magharibi hadi isha bila hasara, lakini akiapa, mchezo umekwisha.

Bwana Manase alipopata habari aliweka kalamu chini. “Mzee wangu, tangazo litoke Ijumaa ijayo. Ukishindwa, kasha nitampa mtu mwingine. Sina namna.”

Kwa hiyo Idarusi akawa amebanwa pande mbili. Akilipanga, amevunja kiapo. Asipolipanga, miaka ishirini na miwili imekwenda. Siku tatu hakula vizuri. Mkewe, Bi Saleha, alimwona ameshika tonge la ugali akilitazama kama herufi iliyogeuzwa.

“Ungeapa kuacha tumbaku, ungetusaidia sote,” alimwambia.

Jumanne, baada ya adhuhuri, binti yao Asmahani akashikwa na uchungu nyumbani kwao Mabawa, alikokuja kujifungulia. Ilikuwa mimba ya kwanza. Mkunga alikaa naye saa mbili, kisha akatoka uani anafuta mikono.

“Mtoto amekaa vibaya,” alisema. “Hili si langu. Hospitali, na mapema.”

Idarusi, aliyekuwa ameitwa kutoka kiwandani, hakungoja amalize. Alitoka mbio kuelekea dukani kwenye simu, kiatu kimoja mguuni na kingine kimebaki kizingitini. Mbio hizo bado zinasimuliwa Mabawa. Mbuzi waliokuwa wakivuka barabara walisimama kumpisha, na mmoja wao, kwa kauli ya mwenye mbuzi, hajatia mguu barabarani hadi leo. Alipopita mbele ya baraza ya Uweso, mdomo ulikuwa wazi na sauti imemtangulia.

“Ambulansi! Jamani, ambulansi! Mwanangu! Iteni ambulansi!”

Uweso anasema alihesabu mara tisa. Idarusi anasema mara mbili. Bi Saleha, aliyekuwa nyumbani na aliyesikia kila kitu kutoka huko, anacheka tu.

Gari likaja na kengele yake. Asmahani akapakiwa, mama yake kando, na Idarusi akapanda mbele na mguu wake mtupu.

Saa kumi na nusu alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, hajui kitu. Bwana Manase alifika, akaketi karibu naye. Hakulitaja tangazo.

“Bwana Manase,” Idarusi akasema mwishowe. “Lile neno. Nimelisikia.”

“Kwa nani?”

“Kwa mtu mwenye shida.”

“Alikuwa na nafasi ya kujidai?”

Idarusi akautazama mguu wake wenye vumbi. “Alikuwa na kiatu kimoja.”

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akachungulia. Mtoto wa kike. Mama mzima, mtoto mzima. Idarusi akasimama, na Bwana Manase, Mkristo wa watu, akajikuta amemshika mkono Mwislamu wake na wote wawili wanasema alhamdulillahi.

Kikabaki kiapo. Jioni hiyo hiyo Idarusi alikwenda kwa Maalim Mselem, akatoa shikamoo na kueleza yote, pamoja na kiatu.

“Dini haikukufunga jiwe shingoni,” Maalim akamwambia. “Kafara ya kiapo inajulikana. Lisha maskini kumi, chakula cha kushiba, unachowalisha watu wako. Kisha nenda ukafanye kazi yako.”

“Ni hilo tu?”

“Ulitaka iwe ngumu zaidi?”

Jana mchana, Mabawa, Bi Saleha alipika wali wa nazi na samaki changu wa kukaanga. Wageni kumi wakala wakashiba. Mmoja aliomba kujua ni karamu ya nini. Idarusi akamjibu bila kusita: “Ya ambulansi.” Mgeni akatikisa kichwa, akaongeza wali.

Sasa, kiwandani, vidole vyeusi vinaweka herufi ya mwisho. Bwana Manase anapita nyuma na kutazama. Akifika mlangoni anavua miwani na kuifuta, ingawa haina vumbi.

Mkebeni yamebaki kumi na sita. Mna “bajeti”, mna “friji”, mna “plastiki” ambalo Idarusi anadai linanuka. Ana nia ya kuyamaliza yote kabla jicho la kulia halijafuata la kushoto, na ameahidi mbele ya mkewe kwamba hataapa tena juu ya neno lolote, zuri au baya.

Siku mkebe utakapobaki mtupu, mwenyewe amekwisha kupatikana. Ni Mwatum, mjukuu wake wa siku mbili, atakayeweka humo kalamu zake siku atakapoanza chuo cha Kurani. Watoto wa Mabawa wamekwisha kumbandika mtoto jina la lile gari, na babu yake huwafukuza, safari hii viatu vyote viwili mguuni.

Na Mwatum akikua, akamletea babu yake maneno ambayo mzee hajapata kuyasikia?

Idarusi anapangusa mikono kwa kitambaa, anafikiri kidogo.

“Yule atayapitisha mlango wa jikoni,” anasema. “Tena nitampangia mwenyewe.”