Bamvua la Ziwani

Kaka yangu anafanya kazi ya ofisini huko Sur, lakini kwa kuwa dirisha lake linatazama bahari, akikuhadithia utadhani yeye ni nahodha. Ndiye aliyetuma ile picha kwenye kundi letu la familia: ziwa la nyuma ya bwawa, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, limejaa baada ya mvua, na mtu kasimama ukingoni kashika samaki mnene wa maji baridi. Chini yake kaka akaandika, "Twendeni kabla ya joto." Kundi hilo zamani lilikuwa na watu wanne. Mama alitutoka mwaka jana, tukabaki watatu.

Niliisoma nikiwa kazini Nizwa na sikutilia maanani. Baada ya dakika kumi simu ikalia tena. Baba alikuwa ameuliza, "Chambo gani?"

Nililia pale pale mezani kwangu, mwenzangu wa meza ya pili akaanza kunipa pole bila kujua ya nini. Baba hakuwa ameandika neno tangu matanga. Nyumbani kwake Ibra alikuwa hatoki ila kwenda msikitini, na akirudi hukaa mbele ya televisheni aliyoizima sauti. Kwa hiyo nikajiapiza kwamba kwenye hilo ziwa tutakwenda, hata kama nitambeba mgongoni.

Ijumaa ya wiki ile nikaendesha gari mpaka Ibra.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeleta ndoano?"

Sikuwa nimeleta ndoano. Nilileta halua, akaipokea kwa heshima ya kunisamehe tu. Nikamwambia tuende Jumamosi ya wiki ijayo. Akaishusha kalenda ukutani, ile yenye tarehe za Kiarabu, akavaa miwani, akapeleka kidole taratibu.

"Mwezi kumi na nne huo, mwanangu. Bamvua. Maji yatakuwa yakenda mbio, mshipi wa kuvulia hautulii. Hatwendi."

Nikamtazama. Baba alizaliwa Unguja mjini, akakulia pwani, na huko alifunzwa kwamba wakati wa bamvua bahari hujaa na kupwa kwa nguvu, na kwamba mshipi unataka maji mafu, bahari inapotulia. Amekaa Ibra, huku kwa Waarabu, zaidi ya miaka hamsini, na bahari iko karibu saa mbili kwa gari, lakini kupwa na kujaa bado anavihesabu kichwani. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunakwenda ziwani. Ziwa halipwi wala halijai. Liko pale pale asubuhi na jioni.

Niliogopa nikimwambia ataona haya, ataitundika ile kalenda na kurudi kwenye televisheni yake.

"Mwambie wewe," nilimwambia kaka kwenye simu usiku ule.

"Nimwambie miye? Weye ndiye unayependwa."

Hakuna aliyemwambia. Mipango ikaendelea. Wiki iliyofuata nilileta ndoano, akasema ni kubwa mno. Nikaleta ndogo, akaniuliza kama tunakwenda kuvua au kudarizi. Akawa anakaa uani kufunga mishipi na kuipima kwa kuirusha, mpaka ndoano moja ikakwama kwenye mtende wa jirani na ikabidi twende kuomba radhi. Kaka alijitolea chakula, akatuma orodha yenye sambusa, chapati, mbaazi za nazi na birika mbili za chai. Halafu akashauri tuweke na nguru, samaki wa baharini, wa sokoni Sur kwenye barafu, tukikosa tusije tukaaibika.

Baba akamjibu, "Na huyo nguru tutasema ziwani kaingilia wapi?"

Kila Ijumaa nilikuwa Ibra, na kila Jumamosi niliyoitaja ilikuwa na kasoro yake. Mwezi ishirini na moja, ambapo hata mimi nilishajua ni karibu na maji mafu, akasema maji ndiyo kwanza yanaanza kufa, hayajafa vizuri. Mwezi ishirini na nane, bamvua linarudi. Mwezi tano, mapema mno. Huku nje jua lilikwisha kuchachamaa, na kiyoyozi kilikuwa kinanguruma tangu asubuhi. Zikipita wiki mbili zaidi, nisingeweza kumsimamisha mzee wa umri wake kwenye mawe ya ukingoni.

Mimi si mtu wa subira, na hiyo niliyokuwa nayo iliniishia Ijumaa hiyo.

"Baba," nikasema, sauti ikipanda, "ziwa halina bamvua! Halina maji mafu! Ni maji yamekaa tu!"

Alikuwa anaviringisha mshipi kwenye kibao. Hakuacha.

"Najua," alisema. "Maji yamezibwa na ukuta, yatapwa yende wapi? Miye si mjinga, mwanangu."

"Sasa mwezi mzima huu wa kuangalia kalenda, wa nini?"

Akafunga fundo, akalivuta kulijaribu.

"Tangu alipofariki mama yako nilikuwa naamka sina la kungojea. Sasa naamka nna safari. Tukishakwenda tukarudi, mtanishusha hapa mlangoni, kaka yako aende zake Sur, na weye Nizwa. Kesho yake niamkie nini?"

Nilikaa nikitazama ndoano zilizopangwa kwenye sahani ya chai.

"Na weye," akaongeza bila kunitazama, "ulikuwa ukija mara moja kwa mwezi."

Ilikuwa kweli, na iliniuma kwa kuwa hakuisema kwa kulaumu. Kila mara nilikuwa na sababu: kazi, watoto, njia ndefu. Njia haikuwa imefupika hata kidogo tangu picha ile itumwe.

Nikamwambia kesho tunakwenda ziwani, hata mwezi uwe ngapi, na Ijumaa ijayo nakuja.

"Kufanya nini?"

"Kukaa nawe."

Baba akaufikiria mpango huo kama alivyoifikiria mipango yangu yote, kisha akauona una kasoro.

"Njoo Alkhamisi," alisema.