Neno la Wahiti na Kondoo Wangu

Walisema nisingevuka hata Mombo. Mwenye duka aliyeniazima viatu alisema baridi ya Ulaya ingenirudisha kabla havijapata vumbi. Mjomba aliyeniazima sanduku alisema ningerudi nalo tupu. Mwalimu aliyeniazima koti alicheka tu. Nikaenda, nikarudi Lushoto na stashahada ya lugha za kale, na niseme wazi: kutoka Mazinde hadi Bumbuli hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

Vitu vya watu ndivyo havikurudi salama. Viatu vilibaki bila visigino, koti lililiwa na nondo, sanduku lilipasukia bandarini. Nchi nzima ilikuwa ikihimizana kulima kijamaa, nami nimesomea lugha ya Wahiti, watu wa Anatolia, huko wanakoishi Waturuki sasa.

"Walikufa wote?" mjomba akauliza.

"Wote, mjomba. Zamani sana."

"Sasa utaongea na nani?"

Nikawaeleza wote watatu neno lililowashinda maprofesa. Kwenye kibao cha udongo, kuhani anagawa nyama ya kondoo wa sadaka. Kila kipande kimetajwa pamoja na anayepewa, ila aliyemshika kondoo miguu anapewa kitu ambacho neno lake hakuna anayelijua maana. Profesa mmoja aliandika ni pembe. Mwingine, mwenye nishani, aliandika ni kofia.

"Kofia ya kondoo!" mwenye duka akafoka. "Viatu vyangu vimeishia huko?"

Wakakata shauri: nichinje kondoo wangu niwafidie, na siku hiyohiyo nioneshe elimu yangu ina maana gani. Nikishindwa, nichukue jembe na nisiitwe msomi tena.

Mdaiwa hachagui kazi, nikaambiwa nishike miguu. Mimi, mwenye stashahada! Mwalimu akachinja, mjomba akagawa kama ilivyo desturi yetu. Shingo ya mchinjaji. Paja la mwenye duka. Mkia wa shangazi aliyechota maji. Kichwa akajiwekea mwenyewe. Maini, figo, mbavu, vyote vikapata wenyewe, nami mikono mitupu. Mwishoni akatupa kitu cheusi juu ya makaa.

"Bandama ni ya mshika miguu. Kula, mgosi."

Bandama! Kwenye kibao kile kila kiungo kimetajwa, bandama tu haimo; ndiyo maana ya neno lile! Nikaichomoa motoni kwa vidole, nikaruka nayo uwanja mzima nikiwasomea Kihiti kwa sauti. Mbuzi wa jirani wakakata kamba.

Nilipotulia nikawafafanulia.

"Kwa hiyo hao Wahiti," mwenye duka akasema, "nao mshika miguu walimpa bandama?"

"Hiyohiyo."

"Basi walikuwa watu wa maana. Viatu vimelipwa."

"Na koti," akasema mwalimu.

"Na sanduku, msomi," mjomba akasema, akaondoka na kichwa cha kondoo kwapani. Nikakaa nikala bandama yangu. Hakuna aliyenidai tena.