Neno Moja Kwenye Karatasi ya Hilwa

Mwanangu Hilwa alikuwa hawezi kupita gari asiisome namba. Tukitoka kwenda dukani hapa Al Baraha, Dubai, macho yake kwenye vibao vya magari, anajumlisha, anagawa, anacheka peke yake. "Mama, hii inagawika kwa kumi na saba." Nikimwambia, "Tazama njia, utagawika wewe."

Alisoma skuli ya serikali ya wasichana. Na mbio alikuwa nazo. Siku ya michezo, mwaka 2008, nilikaa na kina mama wenzangu nikamwona, miaka kumi na mitano, anawaacha wenziwe nyuma, mtandio umemvuka, suruali imemshika miguu. Mama mmoja akauliza, "Binti wa nani huyo?" Nikainuka nikaondoka. Nilivyofika nyumbani nikachukua viatu vyake vya raba nikavitupia juu ya kabati.

Wiki mbili baadaye akaja na bahasha kutoka kwa mwalimu wake, Abla Taghreed. "Mama, tia saini, kesho ndiyo mwisho." Akaingia kuoga.

Mimi nimemaliza darasa la saba Unguja, na msahafu nimehitimu. Herufi za Kiarabu hazinishindi. Kiarabu cha sokoni nakijua. Hicho cha karatasi nilikisoma kwa kujivuna zaidi kuliko kuelewa. Nikaona neno riyadhiyat. Nikasema, hii riadha, wanamtaka akakimbie tena. Nikaandika "la", nikatia saini, bahasha nikaigandisha kwa gundi.

Siku ya pili alirudi macho mekundu. "Mama, kwa nini umekataa?"

"Mwili wako si wa kuonyesha watu."

"Mwili unahusu nini hapa?"

Nikaona ananijibu. "Khalas, Hilwa. Neno hilo lisirudi nyumba hii."

Na halikurudi. Alimaliza skuli, akaolewa na Bassam, akamzaa Lamees, akawa karani wa mapokezi kwenye zahanati. Jioni alikaa jikoni kwangu akimfundisha hesabu Mirriam, Mkenya askari wa jengo letu, aliyekuwa na mtihani wa kupandishwa cheo. Mirriam alipita. Kisha homa ya mapafu ikamchukua Hilwa, miaka mitatu sasa. Mirriam alipokuja kutupa pole akaniuliza, "Mama, na kwa nini huyu hakuenda yunivasiti? Alikuwa na kichwa ya injinia."

"Hakutaka," nikamjibu. Ndivyo nilivyoamini.

Tangu hapo, mchana, saa ya skuli kutoka, nasikia viatu vya raba kwenye korido. Vinakuja mbio mpaka mlangoni kwangu, vinasimama. Nikifungua, hakuna mtu. Sikumwambia yeyote, wasije wakasema bibi ameanza kuwehuka.

Lamees anakaa na mimi, maana babake kazi yake iko Abu Dhabi. Ana miaka kumi na minne na anasoma skuli ile ile ya mamake. Mwezi uliopita akaniwekea bahasha mezani. "Bibi, tia saini, kesho ndiyo mwisho."

Nikaifungua. Neno lile lile. Nikasema moyoni, huyu simkatazi, na akimbie. "Nitakubali," nikamwambia. "Lakini uvae nguo ndefu. Mwili wako..."

"Mwili unahusu nini hapa, Bibi?"

Sauti ile. Hata kichwa alikiinamisha vile vile.

"Si mbio hizi?"

Akacheka. "Mbio wapi, Bibi! Mbio ni riyadha. Hii riyadhiyat, hesabu. Wanachagua wasichana kumi na wawili, tunabaki baada ya masomo tunasoma hesabu za juu, ili chuo kikuu tukaingie uhandisi. Mama hakukwambia? Abla Taghreed anasema Mama ndiye alikuwa wa kwanza kwenye orodha yake, nyumbani wakakataa."

Hakuniambia. Nilimkataza neno. Miaka kumi na minne alinipikia, alinipeleka hospitali, alinibusu kichwa kila Ijumaa, na muda wote huo anajua mamake alimnyima hesabu kwa kusudi. Amelala nalo kaburini, na mimi sina wa kumwambia kuwa nilikosea kusoma.

"Yalla, Bibi, kalamu hii."

"Nisomee kwanza. Yote, na maana yake."

Akanisomea mstari kwa mstari, mpaka jina la skuli na tarehe. Nikaandika "naam". Saini yangu ilitoka imepinda kama ya mtoto. Lamees akanyoosha mkono kuichukua karatasi, na hapo viatu vikaanza kwenye korido. Vikaja mbio, vikasimama mlangoni.

Lamees akainua kichwa. "Nani huyo, Bibi?"

Kumbe na yeye anasikia.

"Kaa," nikamwambia. Nikainuka mwenyewe, karatasi mkononi, nikaenda kufungua.