Mtani Aliyekataa Shukrani

Mtoto wa shangazi yangu alikuwa mwizi, na mimi ndiye niliyemfundisha. Kwetu Ugogo mtoto wa kaka na mtoto wa dada ni watani: anachokipenda kwako anakichukua bila kubisha hodi, nawe ukikasirika, unachekwa wewe. Tulizaliwa msimu mmoja, kaya zetu zikitazamana huko upande wa Haneti, na kwa miaka yote ile hatukupeana kitu hata kimoja. Tulinyang'anyana tu.

Niliwahi kumchinja mbuzi wake, yeye akiwa machungani. Aliporudi alitukuta tunakula. Akanawa, akaketi, akala kuliko sisi sote, akaisifu nyama, kisha akaniuliza mbuzi mwenyewe nimemtoa wapi. Alijua vizuri sana. Kulipiza, asubuhi niliyokuwa nakwenda kuposa alitoweka na viatu vyangu vya ngozi. Nikafika ukweni pekupeku, miguu imejaa vumbi na mwiba kisiginoni. Baba mkwe akaitazama miguu ile, akaona kijana huyu hana majivuno, akanipa binti yake. Basi binamu yangu akaringa maisha yake yote, akidai kwamba ni yeye aliyenioza.

Mimba ya kwanza ya mke wangu iliharibika. Ya pili ilipofika mwisho, asubuhi uchungu umeshaanza, jumbe akaja na askari wawili wa Wajerumani. Walitaka watu wa kubeba mizigo mpaka Kilimatinde, na udhuru haukusikilizwa. Nikatwishwa sanduku la misumari. Sauti ya mke wangu naisikia ndani ya tembe, na mimi nimeshaelekezwa njiani. Niseme kweli, nililia mbele za watu.

Ndipo akatokea binamu yangu, anacheka.

"Nani kampa mnyonge huyu sanduku zuri hivi?" akasema. "Mimi nalichukua!"

Akalitoa kichwani kwangu, akajitwisha, akaingia kwenye mstari. Askari mmoja akainua kiboko. Jumbe akawahi kumweleza kwamba hawa ni watani. Bahati yetu, askari yule alikuwa mtu wa Unyamwezi, na utani anaujua tangu kwao. Akashusha kiboko, akacheka.

"Kama ni mtani wake, basi aliyeiba na abebe."

Wakahesabu vichwa, vikatimia, wakaondoka. Jua halijafika utosini, binti yangu akazaliwa, mzima.

Binamu yangu alirudi baada ya mwezi na zaidi, bega limechubuka, kucha ya kidole gumba cha mguu imeng'oka. Nikamkimbilia: "Ndugu yangu, kwa lile ulilonitendea..." Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Wewe, usiniharibie utani! Nimekuibia mzigo. Nishtaki ukitaka, lakini ukinishukuru sikanyagi tena kwako."

Akanywa maziwa yangu yote, akaondoka na kibuyu.

Nilijaribu tena na tena. Nikianza tu, anaimba kwa sauti kubwa, au ananirushia mfupa. Binti yangu alipokua nikamtuma akaseme kwa niaba yangu. Akarudishwa na zawadi ya kuku, na kuku mwenyewe alikuwa wangu, wala sikujua hata kwamba ameibiwa. Neno lile likanikaa kooni kama tonge la uwele.

Reli ilikuwa imeshafika Dodoma alipougua kifua. Siku tano tu, akafariki. Tulimzika zizini, kama kwetu anavyozikwa mwenye kaya, na watu wakanigeukia mimi, maana mtani ndiye wa kuwachekesha wafiwa. Nikamtukana ipasavyo. Nilisema leo hata kuku wa majirani watapata usingizi. Nilisema tuweke mawe mengi juu yake, la sivyo atatoka kuchukua majembe yetu. Mjane wake alicheka hadi akafuta macho kwa mikono yote miwili. Nilimpenda mtu yule kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na ndiyo maana matusi yalitoka vizuri.

Wenzangu walipokwenda kunawa, nilibaki. Nikachuchumaa penye udongo mbichi, nikamshukuru kwa lile sanduku, kwa njia yote ya Kilimatinde, kwa binti. Nilisema polepole, mpaka mwisho. Hakunikatiza.